Kidole cha Chini ya Ngozi

Maji yalikatika tena alfajiri ile, na Pang Yuezhen akanawa uso kwa maji ya uvuguvugu yaliyobaki kwenye chupa ya chai. Akavaa sare yake ya bluu, akafunga mlango wa chumba, akashuka ngazi akinyata ili mwenye nyumba asimsikie. Hakufika mbali.

"Dada Pang! Wanipita kama sina macho?"

Mama Fong, mwenye nyumba, alikuwa amechuchumaa uani akichambua mchicha. Alikuwa mwenyeji wa hapahapa Guangdong, mtu ambaye shamba la babake lilioteshwa mabweni badala ya mpunga.

"Mwezi ujao maji na umeme vinapanda bei."

"Maji yenyewe hayatoki, Mama Fong."

"Yakitoka, yatatoka kwa bei mpya."

Yuezhen akacheka bila kupenda. Ukikaa na watu miaka mingi, hata wakikukamua wanakuchekesha. Akatoka nje.

Mtaa ulikuwa mtupu. Bado hakuwa ameuzoea utupu ule. Alipofika hapa akiwa binti wa miaka kumi na tisa, kutoka milima ya Guizhou na mfuko wa plastiki wenye nyama ya kukaushwa kwa moshi, mtaa huu saa hizi ulikuwa haupitiki. Wasichana walitoka mabwenini kama kumbikumbi baada ya mvua, nywele mbichi, midomo imejaa mikate ya mvuke, kila mmoja akiongea lugha ya kwao. Sichuan, Hunan, Jiangxi, wote walikuwa hapa. Jumapili walipanga foleni kwenye vibanda vya simu, na aliyemaliza kuzungumza na nyumbani alitoka amejifunika uso kwa kitambaa, na hakuna aliyemuuliza. Jioni walikwenda kuteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye uwanja wa saruji, wakianguka na kucheka. Kwenye lango la kiwanda kulikuwa na umati wa watu wakiomba kazi mpaka askari wakawasukuma kwa fimbo. Dunia nzima ilivaa viatu vya mtaa huu, na wao walilijua hilo. Lilikuwa linawapa kiburi fulani, japo wao wenyewe walivaa kandambili.

Sasa kwa muuza tambi kulikuwa kumefungwa. Kwa kinyozi kulikuwa kumefungwa. Matangazo mekundu ya nafasi za kazi yalikuwa yamepauka ukutani hadi yakawa rangi ya waridi.

Langoni alimkuta Lai Qiumei akimsubiri, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Qiumei alikuwa rafiki yake wa tangu bweni, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkubwa wa maneno.

"Leo ndio leo," Qiumei akasema. "Hujalegea?"

"Nilegee nini?"

"Nakujua mimi. Una moyo laini kama tofu. Huyo mwanafunzi wako akikutazama na yale macho, utamwaga kila kitu."

"Sijamwaga. Tena sema polepole."

Mambo yalikuwa hivi. Kiwanda kilikuwa kinahama. Mishahara ya hapa imepanda, bwana mkubwa akasema, na huko Afrika watu ni wengi, vijana, na wanaomba kazi langoni. Basi wakaletwa wasichana kutoka Ethiopia wajifunze kushona kabla mashine hazijapakiwa. Kila mshonaji wa zamani alipewa mmoja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja mwenyeji augue.

Lakini mafundi wa nchi hii nao wana msemo wao wa kale: ukimfundisha mwanafunzi yote, fundi hulala njaa. Kwa hiyo tangu enzi za mababu, seremala, mpishi, mtengeneza dawa, kila mmoja huacha jambo moja mkononi asilifundishe. Si uchoyo, ni bima. Wanawake wa safu ya ushonaji walikubaliana wote, bila kuandikiana: tutawafundisha kila kitu, isipokuwa kidole.

Maana kulikuwa na uvumi uliotoka ofisini kwamba mashine hazitatoka mpaka wageni waweze kushona ncha ya kiatu bila dosari, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya ametaka hivyo. Wakishindwa, safu itabaki mpaka kiangazi. Na Yuezhen alikihitaji kiangazi kile kama mgonjwa anavyohitaji maji. Miaka mingi ya mwanzo kiwanda hakikumlipia mchango wa uzeeni. Kilipoanza kulipa, kililipa kana kwamba kinatoa sadaka. Alipokwenda dirishani kuuliza, kijana wa ofisi ya bima alimjibu bila kuinua uso, "Miaka haijatimia, mama. Itimize, halafu uje." Ikifika kiangazi, ingetimia. Ikikatika kabla, kiwanda kingine gani kingemwajiri mwanamke wa umri wake?

*

Binti aliyepewa Yuezhen amfundishe aliitwa Hirut. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele amezisuka mistari myembamba, na alikuwa ameshafika, amefuta mashine na kuitia mafuta.

"Habari za asubuhi, fundi. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mkate ule mweupe. Hauna ladha. Kama kula mto wa kulalia."

Yuezhen akacheka. Hirut alijifunza Kichina kwao kabla ya kuja, akakijazia hapa kwa masikio, kwa hiyo aliongea kama wanawake wa safuni, matusi na yote.

Wakaanza. Kushona ncha ya kiatu si mchezo. Ngozi ya juu na bitana ya chini lazima zikate kona pamoja. Lakini meno ya cherehani huivuta ya chini haraka, ya juu inabaki nyuma, na ukifika kwenye kona ngozi inajikunja vijimkunjo kama uso wa bibi kizee. Dawa yake ni moja. Wakati mkono wa kulia unaongoza, kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinakaa chini, nyuma ya nguzo ya mashine, kinaizuia bitana kidogo sana, kama unavyomshika mtoto shati asikimbie mbele. Mtu aliyesimama pembeni haoni. Anaona mikono miwili inaongoza ngozi, basi.

Yuezhen mwenyewe hakufundishwa. Alifundishwa kazi na fundi Liao, mzee wa Kitaiwani, kwa sababu wakati ule viwanda vilikuwa vinahama kutoka Taiwani kuja huku, na siku hizo ni Wataiwani waliokuwa wakinung'unika. Fundi Liao alikuwa mwema, aliwaletea matunda, aliwafundisha hata kutia sahihi, ila ncha ya kiatu walikuwa wakiiharibu kila siku na yeye anatikisa kichwa tu, "Fanya tena, fanya tena." Siku moja Yuezhen aliangusha mkasi. Akainama chini ya meza kuuokota, akainua macho, akakiona kidole cha fundi. Alicheka kwa sauti humo chini ya meza. Usiku ule bwenini alimwonyesha Qiumei, Qiumei akawaonyesha wengine, na kufikia mwisho wa wiki bweni zima lilijua. Walikuwa hivyo zamani. Mtu akipata jambo, hata usingizi haumpati mpaka aligawe. Walikula bakuli moja, walipakana mafuta ya baridi mikononi.

Sasa yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Fanya tena."

Hirut akafanya tena. Kona ikajikunja.

"Nakosea wapi, fundi?"

"Haraka nyingi."

Akapunguza mwendo. Ikajikunja vilevile. Akaitazama mikono ya Yuezhen kwa makini hadi Yuezhen akaona haya, akajifanya anatafuta uzi.

Mchana walikaa nje ukutani na mabakuli yao. Wali na kabichi. Nyama ya nguruwe imepanda, mpishi ameigeuza kuwa harufu tu. Hirut hakuigusa hata hiyo harufu, dini yake inamkataza, akala wali na pilipili aliyokuja nayo kwenye kikopo. Kisha akatoa simu.

"Saron," akasema. "Mwanangu."

Katoto ka kike, mashavu manene, kameshikilia gauni la bibi yake.

"Ana umri gani?"

"Miwili. Fundi, Mkuu Ou alituambia. Tukifaulu mtihani wa leo, tukirudi tutakuwa viongozi wa safu. Kiongozi analala nyumbani, basi linamchukua asubuhi na kumrudisha jioni. Nikishindwa, kubandika soli, kwenye gundi. Wa gundi wanalala bweni, kwetu ni mbali sana." Akakifuta kioo cha simu kwa upindo wa sare. "Mama yangu anasema mtoto sasa anamwita yeye 'mama'. Mimi nikipiga simu, anakimbia."

Yuezhen akaweka vijiti vyake juu ya bakuli.

Mama mwenzangu unayesoma haya, usidhani mtoto hujua tu. Mtoto hajui. Mtoto humjua anayemwosha.

Yuezhen naye aliacha wa kwake, Mingxiu, akiwa na miezi kumi. Mama mkwe alimpokea mtoto, akasema nenda, mtoto atakula hata wewe usipokuwepo. Na kweli alikula. Yuezhen akarudi mwaka mpya wa pili, amesimama garimoshini siku nzima na usiku kucha, kwa sababu viti vilikwisha, na kifuani amekumbatia koti jekundu la mtoto lenye vifungo vya dhahabu. Alikuwa amelichagua kwa wiki kadhaa. Akapanda mlima kwa miguu, akiusikia moshi wa makaa ya kwao kabla hajaiona nyumba, machozi yanamtoka kwa furaha. Mtoto akajificha nyuma ya miguu ya bibi yake. Koti lilipovalishwa, mikono ilifika kwenye viwiko. Alikuwa amemnunulia yule mtoto aliyemwacha, si huyu aliyemkuta. Na usiku, wakidhani amelala, akamsikia mtoto akinong'ona, "Bibi, huyu shangazi ataondoka lini?"

Hata hivyo aliondoka. Ada ilitakiwa, paa lilitakiwa. Nyumba ya ghorofa mbili ikajengwa kule mlimani, nzuri, ina vigae vyeupe, na sasa wanalala ndani yake mahindi na panya. Mkwe amekufa. Mingxiu yuko kiwandani Suzhou, ni mtu mzima, na kila sikukuu humtumia mamake ujumbe wa heshima sana, kama mtu anavyomwandikia mkuu wa ofisi.

"Fundi? Chakula kinapoa."

"Nimeshiba," Yuezhen akasema.

Qiumei, aliyekuwa ukutani upande wa pili, alimtazama rafiki yake, akatema ganda la mbegu.

*

Mkuu Ou, msimamizi wa safu, alikuja baada ya chakula na kipande cha karatasi na kalamu ya rangi nyekundu. Alikuwa kijana, umri wa Mingxiu, shati limenyooshwa, na alipenda kuwaita wanawake "shangazi zangu wapenzi" alipotaka kitu.

"Haya, shangazi zangu wapenzi. Kaeni pembeni. Wanafunzi peke yao. Jozi moja kila mmoja."

Yuezhen akasimama nyuma ya kiti. Hirut akakaa, akajifuta viganja mapajani, akageuza kichwa kumtazama. Palikuwa na nafasi bado. Neno moja tu lilitosha. "Kidole." Au angeinama tu amguse mkono, kama anayemrekebisha kiti.

Akatazama mbele. Kiangazi, akajiambia. Mpaka kiangazi tu.

Mashine zikanguruma pamoja. Mkuu Ou akapita safu nzima akiokota viatu, anavigeuza juu ya mwanga, anachora alama nyekundu. Alipofika kwa Hirut akapitisha kidole gumba juu ya ncha, vijimkunjo vikakwaruza.

"Kama maboga yaliyonyauka," akasema. "Gundi."

"Mkuu, naomba mara moja tena."

"Gundi, dada. Anayefuata."

Hirut hakulia. Alikunja tu kitambaa cha kufutia mashine, akakikunja tena, hadi kikawa kidogo kama kiganja cha mtoto.

Wote walikuwa wameshindwa. Safu nzima. Wanawake wa zamani walisimama na nyuso za msibani, lakini Yuezhen aliwajua. Aliiona midomo ya Qiumei ikitetemeka kwa kuzuia kicheko cha ushindi. Mpango umefanya kazi! Safu itabaki.

Ndipo mlango mkubwa wa nyuma ukavutwa.

Upepo ukaingia, na nyuma ya upepo lori, limerudi kinyumenyume, tumbo wazi. Mzee Deng, fundi wa mitambo, akaingia na spana zake na vijana wa kubeba, wakaanza na mashine ya kwanza mlangoni. Boliti zikalia. Mashine ikalala kwenye sanduku la mbao kama maiti.

"Mzee Deng," Yuezhen akaita. "Unafanya nini?"

"Nafungua."

"Hawajafaulu! Hakuna hata mmoja aliyefaulu!"

Mzee Deng akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea mtaa. "Dada Pang, amri nilipewa wiki iliyopita. Meli imeshapangwa. Wewe ulidhani chuma kinangoja mikunjo ya kiatu?"

"Sasa mtihani?"

"Mtihani ni wa kujua nani atakaa wapi kule. Viongozi watatafutwa wengine, watatoka huku huku, vijana wa chuo. Nyie hamkuambiwa?"

Hawakuambiwa. Qiumei aliyekuwa akizuia kicheko sasa mdomo wake ulikuwa wazi. Uvumi ule, nani aliuleta? Kila mmoja aliusikia kwa mwingine. Walikuwa wamewafungia njia wasichana wale, na mlango wao wenyewe ulikuwa wazi muda wote, wa kutokea.

Mkuu Ou akapiga makofi. "Shangazi zangu wapenzi, mkimaliza kuaga piteni ofisini mtie sahihi ya kuacha kazi kwa hiari. Kwa utaratibu, jamani."

Wengine wakaanza kukusanya vikombe vyao. Yuezhen akavuta kiti chake, akakaa kwenye mashine.

"Hirut. Njoo."

"Fundi, imekwisha."

"Njoo, nimesema! Kaa hapa karibu. Leta mkono. Si huo, wa kushoto."

Akaushika mkono wa binti, akaupeleka nyuma ya nguzo ya mashine, chini ya ngozi, mahali ambapo macho hayafiki. Akakinyoosha kidole cha kati, akakiweka juu ya bitana, akakikandamiza kwa kidole chake mwenyewe.

"Unasikia inavyokimbia? Usiiache ikimbie. Usiivute pia. Ishike kidogo tu, kama shati la mtoto."

Akakanyaga. Sindano ikaingia kwenye kona, ikazunguka, na ngozi ikalala bapa, laini kama ganda la yai. Hirut akainua uso. Hakuwa mjinga, Yuezhen aliona jambo likimfikia machoni, lote, tangu asubuhi ya kwanza.

"Ulijua," Hirut akasema.

"Nilijua."

"Kila siku. Fanya tena, fanya tena."

"Kila siku."

Yuezhen akangoja mkono ule uondoke chini ya kidole chake. Haukuondoka.

"Sikiliza," Yuezhen akasema. "Nichukie kesho, leo sikiliza. Watakupeleka gundi. Ukifika huko, shona. Iba muda, shona mahali watakapokuona. Na lala nyumbani, hata kama ni kutembea kwa miguu, hata wakikata mshahara. Maana huko nako wenye kiwanda hawatakaa. Mishahara ikipanda watatafuta nchi nyingine, na siku moja watakuletea msichana ambaye lugha yake huijui, wakuambie mfundishe. Siku hiyo ikufike mtoto wako akiwa anakuita mama."

"Dada Pang," Mkuu Ou akasema juu ya vichwa vyao. Neno shangazi lilikuwa limempotea. "Inuka. Hiyo inafuata kupakiwa."

"Kiatu hakijaisha."

"Hicho ni kiatu cha majaribio, kinatupwa."

"Basi kitatupwa kikiwa kimeisha."

Mzee Deng alisimama na spana yake, anatazama sakafu. Mkuu Ou akangoja kidogo, uso ukimwiva, kisha akatembea hadi ukutani akashusha swichi kubwa. Taa zikazimika. Mashine ikakata roho katikati ya mshono, sindano imesimama ndani ya ngozi.

Kulikuwa na mwanga wa mlango wa nyuma tu, mwanga wa jioni, na ule upepo.

Yuezhen akaweka kiganja juu ya gurudumu la pembeni la mashine, akalisukuma kwa mkono. Lilikuwa zito. Sindano ikapanda, ikashuka. Mshono mmoja. Akasukuma tena.

"Shika," akamwambia Hirut.

"Nimeshika, fundi."

Nyuma yao kiti kikavutwa. Ilikuwa sauti ya Qiumei, iliyojaa kamasi: "Wee binti, unasimama hapo kama nguzo ya umeme kwa nini? Njoo. Mkono wa kushoto." Kisha kiti kingine kikavutwa, na kingine. Mkuu Ou aliita jina la mtu, akaita la mwingine, na hakuna aliyegeuka. Katika giza lile la jioni yalisikika magurudumu tu, yakisukumwa kwa mkono, na sindano zikitoboa ngozi moja moja.